Salamu za Jumamosi

Gaudence alipata habari za kifo cha mama mkwe wake akiwa kwenye maegesho ya hoteli mjini Arlington, Texas, mkononi kashika chupa ya mafuta ya jua ya watoto. Alikuwa ameifuata garini. Simu ikaita, shemeji yake Rogers, ndugu wa mkewe Joyceline, kutoka Karagwe.

"Shemeji, uko peke yako?"

Mtu wa kwetu akikuuliza hivyo kwenye simu, umeshajibiwa. Gaudence akaegemea mlango wa gari. Rogers akamweleza kwa kifupi. Mama alikuwa anatoka jikoni kwenda barazani, akasema anasikia kizunguzungu, akakaa chini, na hakuinuka tena. Ilikuwa saa sita mchana, saa za nyumbani. Daktari amesema presha.

"Joy hajui," Rogers alisema. "Nakuachia wewe, shemeji. Asije akasikia kama safari ile."

Safari ile ilikuwa miaka mitatu nyuma, baba yao alipofariki. Joyceline alikuwa kazini Houston wanakoishi, kwenye kliniki ya kusafishia damu, amekaa chumba cha mapumziko anakula wali wake wa jana. Akafungua simu, akakuta mtu kaweka picha ya mshumaa kwenye grupu la ukoo na kuandika mzee wetu apumzike kwa amani. Alianguka pale pale, katikati ya viti, na hakukuwa na mtu wa kumshika isipokuwa msimamizi ambaye hata jina la Joyceline alikuwa hajui kulitamka. Alikaa mwezi mzima bila kulisema lile jambo. Alipolisema, alilisema mara moja tu: "Baba Flavi, niahidi. Siku nyingine nisisikie nikiwa peke yangu." Gaudence akaahidi. Mwanamume huyu ana mambo mengi ya kulaumiwa, tutayafikia, lakini ahadi yake alikuwa anaitunza.

Akampigia Da Prudensia wa Cedar Hill, mji wa jirani, dada wa Joyceline kwa mama mkubwa, nesi wa miaka mingi, mtu wa kupanga mambo. Da Prudensia alilia kidogo, akapenga kamasi, akaanza kutoa amri.

"Hotelini usimwambie. Atamlilia nani huko, mashine ya kahawa? Mlete kwangu saa kumi. Nitawaita akina mama wa jumuiya, padre atakuja, na kutoka Houston wapo watakao-drive. Wewe kazi yako ni moja, shemeji. Mzungushe. Na simu yake isimfikie."

"Mpaka saa kumi, Da Prude? Sasa hivi ni saa moja."

"Si mko kwenye matembezi? Tembeeni."

Chumbani, Joyceline alikuwa anaoga, anaimba. Simu yake ilikuwa kwenye chaji kando ya televisheni. Gaudence akaichomoa. Rogers kapiga mara mbili alfajiri, bila shaka kabla hajafikiria kumtafuta yeye, na chini yake kulikuwa na kingine kilichomtia baridi: picha ya mama mkwe, kilemba cha bluu, na ujumbe wa sauti wa dakika moja na kitu. Ulitumwa saa saba usiku, saa za Texas. Huko nyumbani ilikuwa saa tatu asubuhi, mama bado yu hai, anatafuta kile kidude cha kurekodia alichofundishwa na wajukuu. Gaudence hakuugusa. Aliizima simu, akaitia mfuko wa suruali, akafunga kifungo.

Basi wakaanza kuzunguka. Siku iliyotangulia walikuwa wameimaliza yote kwenye bustani kubwa ya michezo, ile ya magari yanayopanda na kuporomoka na watu wanapiga mayowe kwa raha zao. Jumamosi walikuwa wamepanga kulala hadi mchana, wapumzishe miguu. Sasa baba mtu akawa na hamu ya ghafla ya kuona kila kilichoko jirani. Akawapeleka kwanza kwenye gofu ndogo, ile ya kupitisha mpira chini ya kinu cha upepo. Flaviana, wa miaka kumi na moja, alimtazama baba yake kwa mashaka.

"Dad, you hate golf."

"Leo naipenda," Gaudence alisema, akaupiga mpira hadi kwenye maua.

Kwenye shimo la tano Joyceline akaanza kupekua mkoba. Alitoa miwani, dawa ya kikohozi ya Modestus, mwanawe mdogo, leso, akarudisha.

"Simu nimeiacha hotelini?"

"Itakuwa kwenye chaji. Tutaikuta."

"Turudi basi mara moja. Leo Jumamosi, nampigia mama saa nne."

"Tukirudi tutawakosa ng'ombe Fort Worth. Wanapitishwa saa tano na nusu kamili, hawamsubiri mtu."

Joyceline alisita, akakubali kwa sababu ya watoto. Lakini Gaudence alijua kwa nini ile simu inamwasha. Mwezi wa sita Joyceline alikuwa aende Karagwe. Siku za likizo alizopewa kazini zilitosha safari moja tu, na watoto walikuwa wameahidiwa ile bustani ya michezo tangu Modestus hajui kuvaa viatu. Akachagua watoto. Alipomwambia mama yake, mama alijibu, "Sawa, mwanangu. Tembeeni," kisha akauliza habari za hali ya hewa. Jumamosi iliyofuata akasalimia haraka na kumpa simu mjukuu. Ile sawa ilimkaa Joyceline kooni. Wiki mbili alikuwa anaitafuna, jikoni, kitandani, ndani ya gari. "Kakasirika," alikuwa anasema. "Mama akikasirika hasemi."

Fort Worth kulikuwa na jua la kuunguza utosi. Watu walijipanga pande mbili za barabara ya matofali, na ng'ombe wakaja taratibu na wapanda farasi wao, pembe zimetanuka huku na huku. Joyceline aliwatazama akasahau joto.

"Ona, Flavi, ona Modestus. Babu yenu alikuwa nao kama hawa. Pembe zao ndefu zaidi, zinakwenda juu. Bibi alikuwa anawaita mmoja mmoja kwa jina."

"Can we FaceTime Bibi?" Modestus aliuliza. "She should see."

Joyceline alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nipe simu yako, Baba Flavi. Huko ni saa moja na nusu usiku, bado kidogo tu ataanza rozari."

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema salio limekwisha, au angeiangusha simu chini ikapasuka. Gaudence hakuwa amelala vizuri, na kijasho kilikuwa kinamtiririka mgongoni.

"Hapa kelele, na network inasumbua. Ngoja nisogee kule, nikimpata nakuita."

Akaenda kusimama ukutani, kando ya duka la kofia. Alipogeuka akaona mkewe anamtazama kutoka ng'ambo ya barabara, kakinga jua kwa kiganja. Basi ikabidi aweke simu sikioni. Ikabidi atikise kichwa. Akajikuta anasogeza midomo kabisa, "Shikamoo, mama," na neno lile likamtoka kwa sauti, na hakukuwa na wa kuitikia marahaba. Mwanamume mzima, anamwamkia marehemu kwenye simu isiyopigwa. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa bega kama mtu anayefuta jasho.

"Imekatika," alisema aliporudi. "Lakini tumeongea. Anakusalimu."

"Kasemaje? Sauti yake ikoje? Bado kanuna?"

Angeweza kuishia kwenye salamu. Salamu tu, angesamehewa. Lakini alimwona mkewe anavyomtazama mdomoni, kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo, na akamhurumia. Huruma ndiyo iliyomponza.

"Amesema hana kinyongo. Amesema mmefanya kazi sana, mpumzike na watoto. Karagwe haihami, mtakuja tu."

"Kasema hivyo? Kwa maneno yake mwenyewe?"

"Kwa maneno yake."

Joyceline alicheka, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo kidogo. Alipoufunua alikuwa mtu mwingine. Aliwanunulia watoto aiskrimu kabla ya chakula, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Alipiga picha na mpanda farasi. Njiani kwenda kwenye nyumba ya samaki, ile ya matangi ya vioo, aliimba tena ule wimbo wa bafuni, na Gaudence akashika usukani kwa nguvu hadi vidole vikamuuma. Alitamani alie. Alitamani saa kumi ifike, na aliiogopa.

Nyumba ya samaki ilikuwa na giza na ubaridi, na Gaudence akadhani hapo watakuwa salama. Hawajafika hata kwenye papa, sauti ikaita nyuma yao. Alikuwa Dedan, Mkenya anayefanya kazi wodi moja na Da Prudensia, kaja na wanawe mapacha. Uso wake ulikuwa umeshajipanga kwa huzuni. Alimshika Joyceline mkono kwa mikono miwili.

"Aki Joyceline, nimeambiwa. Woiye, pole sana ..."

Gaudence alimkanyaga. Hakumgusa kwa kidokezo, alimkanyaga hasa, kwa kisigino. Dedan akamtazama, akaona macho yale, na heri yake hakuwa mzito wa kuelewa.

"Pole na hii joto," alimalizia. "Nimeambiwa mko huku na watoto tangu jana. Hii jua ya Texas si mchezo, madam."

"Tumeshapoa, kaka," Joyceline alisema huku anacheka. "Leo siku yetu nzuri."

Dedan aliwavuta mapacha wake, akaenda. Joyceline alimfuata kwa macho.

"Yule naye ana nini? Kama anataka kulia."

"Uchovu," Gaudence alisema. "Atakuwa katoka shifti."

Saa tisa na nusu waliianza njia ya Cedar Hill. Da Prudensia ametualika chai, alimwambia mkewe, kasikia tuko karibu. Watoto walisinzia nyuma. Joyceline alikuwa anapanga kwa sauti safari ya Krismasi. Ataomba shifti za ziada akusanye siku. Watakwenda wote wanne. Mama atawapikia senene aliowakausha.

Walipokata kona ya mtaa, Joyceline akainamia kioo. Magari yalikuwa yamepangana pande zote mbili hadi mwisho. Lile la kijivu la mwenyekiti wa jumuiya ya Houston, mwendo wa saa nne barabarani. Lile la padre. Na mlangoni, viatu, vingi, vimeachwa shaghalabaghala. Mwanamke mmoja alitoka na ndoo ya barafu, khanga kaifunga kiunoni, akaliona gari lao, akarudi ndani haraka.

Joyceline hakupiga kelele. Alifungua mkanda wa kiti.

"Baba Flavi. Nani?"

"Twende ndani."

"Nakuuliza, nani?"

Hakuhitaji kujibiwa. Akina mama walikuwa wameshatoka, Da Prudensia mbele, na alipoteremka mikono ikawepo, mingapi haihesabiki. Walimbeba zaidi ya kumtembeza. Walimkalisha kwenye godoro sebuleni, Da Prudensia akamwambia sikioni kwa Kihaya, na kilio kikapanda, wote pamoja, kama inavyotakiwa. Hakuanguka. Hakuna aliyemwacha hata dakika. Mwenyekiti alimshika Gaudence begani, akamwambia, "Umefanya vizuri, ndugu yangu." Gaudence alikuwa amesimama ukutani na watoto wake, Flaviana kamng'ang'ania kiunoni, na kwa kweli kabisa alijisikia kama mtu aliyetua mzigo.

Walisali. Wakaimba. Baadaye kilio kikapungua, chai ikaletwa. Joyceline alikuwa anaitazama khanga aliyofunikwa miguuni.

"Da Prude," alisema. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa sita mchana, mdogo wangu. Saa za kwetu. Hakuteseka."

Joyceline alinyoosha vidole juu ya khanga, akaanza kuhesabu kurudi nyuma. Kila anayeishi huku anaijua hesabu ile, masaa manane. Alimaliza vidole vya mkono mmoja, akaingia wa pili, akaishia kwenye cha kati. Saa kumi alfajiri. Wote wanne walikuwa wamelala hotelini.

Aliinua uso, akamtafuta mumewe ukutani.

"Baba Flavi, njoo."

Alikwenda. Alipiga magoti kando ya godoro.

"Pale kwenye ng'ombe," Joyceline alisema, polepole, na akina mama wakaweka vikombe chini mmoja mmoja. "Mama alisema hana kinyongo. Alikuwa nani huyo?"

Gaudence alitaka kusema nilikuonea huruma. Alitaka kusema uliniahidisha. Vyote vilikuwa kweli, na vyote aliona aibu kuvitamka mbele ya uso ule.

"Ni mimi," alisema.

"Na simu yangu?"

Alifungua kifungo cha mfuko, akaitoa. Ilikuwa na joto la mwili wake. Joyceline aliipokea bila kumgusa vidole, akaiwasha, akasubiri. Pole zilianza kuingia mfululizo, kumi, ishirini, na yeye akazipitisha zote kwa kidole gumba hadi akafika chini. Kilemba cha bluu. Dakika moja na sekunde kumi na mbili.

"Huu uliuona," alisema. Hakuwa anauliza.

"Sikuusikiliza."

Da Prudensia alimsogelea. "Usikilize hapa, mdogo wangu. Tuko na wewe. Tukushike."

Joyceline alitikisa kichwa. Aliondoa khanga miguuni, akasimama kwa nguvu zake mwenyewe, akapita katikati ya watu waliotoka Houston na DeSoto na wapi na wapi ili asiwe peke yake siku hiyo. Gaudence aliinuka amfuate. Alimzuia kwa kiganja, bila kugeuka, akaingia chumba cha mwisho cha korido na simu yake. Wote sebuleni walisikia mlango unafungwa, na ufunguo unazungushwa.