Kaseti Kumi za Likizo

Kaseti ya thelathini na moja ilikuwa na kutu. Nikazungushia pamba kwenye kijiti, nikaichovya kwenye spiriti, nikasugua meno ya shaba upande mmoja, kisha upande wa pili. Nikaipuliza, nikaipachika kwenye mashine ya gemu. Kioo cha televisheni kikawa cha kijivu, kikaleta michirizi, halafu zikatokea pikipiki mbili. Nikaandika kwenye daftari: 31, pikipiki, inawaka mara ya pili.

Dotto alikuwa ameketi kwenye benchi upande wa kulia, pedi ya pili ya kuchezea ikiwa mapajani.

"Hii je?" nikamwuliza.

Akaitazama televisheni. Nikasubiri kidogo, kisha nikaichomoa kaseti.

Zilikuwa arobaini na moja, ndani ya boksi la sabuni. Nilizinunua Kilosa kwa Yohana, aliyekuwa karani wa reli mpaka alipopunguzwa kazi, akafungua chumba cha gemu karibu na stesheni. Sasa alikuwa anakifunga. Watoto wa Kilosa, alisema, wamekwenda Morogoro wakaiona mashine ya sidii, ambayo mchezaji wa mpira anaonekana mpaka jasho, na tangu hapo hawataki vitu vya miraba miraba. "Chagua kumi, dada Fausta," aliniambia. "Nyingine zitakupotezea muda." Nilichukua zote kwa sababu sikujua ni kumi zipi.

Kibanda changu kiko Mikumi, nyuma ya mahali yanapolala malori ya Zambia. Zamani nilikuwa natengeneza redio tu. Sikusomea. Nilifungua redio ya baba, nikaifunga, nikaifungua tena. Biashara ilipofunguliwa na vitu kutoka nje vikaanza kumwagika madukani, mtu akaona nafuu anunue redio mpya kuliko kuniletea ya zamani, nami nikahamia kwenye gemu.

Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyo ya Ijumaa, na kuanzia Jumatatu kibanda kingejaa. Nilitaka kaseti kumi ambazo mtoto wa sasa atazikubali. Kwa kila moja nilijiuliza maswali matatu. Inaanza upesi? Mtoto wa sasa hasubiri. Asiyejua Kiingereza ataelewa la kufanya? Na akishindwa, atacheka au ataondoka? Karatasi ya juu ya kaseti nilikuwa siisomi. Imeandikwa gemu elfu moja, ukiwasha unakuta tano zinazojirudia kwa majina tofauti.

Kazi ile ilinifaa wakati huo. Pamba, spiriti, kupachika, kuandika. Haikutaka zaidi ya hapo.

Dotto ni mtoto wa kaka yangu Budeba, anayelima na kufuga ng'ombe wachache nje ya Kilosa. Alizaliwa pacha. Mwenzake alikuwa Kulwa, na wote walikuwa na miaka tisa. Kila likizo walikuja kwangu. Kulwa alikaa kushoto na pedi ya kwanza, Dotto kulia na ya pili. Pedi ya pili ya mashine hizi haina kitufe cha kuanzia, kile ambacho watoto wanakiita stati. Kiwandani waliamua iwe hivyo. Kwa hiyo Kulwa ndiye aliyekuwa anaanzisha, na Dotto hakuwahi kulalamika.

Mwezi wa kumi malaria ilimpanda Kulwa kichwani. Siku tatu. Mama yetu alikuja kwa treni kutoka Usukumani, akatuambia pacha akifa haliliwi, mwenzake asije akasikia akamfuata. Hatukulia. Mimi niliosha vyombo siku nzima, hata vilivyokuwa safi. Baadaye Budeba akamleta Dotto Mikumi, kwa kuwa kule nyumbani alikuwa halali, na mimi nikamtafutia nafasi katika shule ya hapa kuanzia Januari. Nafasi ilipatikana.

Jumatano kondakta wa basi alinipa barua ya Budeba. Iliandikwa kwa kifupi. "Nakuja Jumamosi. Kama mtoto bado yuko vilevile, nampeleka kwa mama. Huko wanajua mambo ya mapacha." Sisemi amekosea. Ni mtoto wake. Lakini kwa mama ni siku mbili za treni, na shule iko mbali, na mama amezeeka. Mtoto akienda kule hatarudi mwaka huu, wala mwakani.

Saa nne wakaingia Saibulu na mdogo wake Nalepo, watoto wa Kimaasai ambao kila baada ya siku moja huleta maziwa kwenye mahoteli ya barabarani. Saibulu ana kama miaka kumi na mitatu.

"Shikamoo, mama Fausta."

"Marahaba. Maziwa yameisha?"

"Yamebaki ya paka," Saibulu akasema.

"Paka ni yeye," Nalepo akasema. "Amekunywa tangu darajani."

Nikawaambia leo hawalipi, wananisaidia kuchagua. Wacheze kila moja kidogo, halafu waniambie ukweli. Nikawapa iliyofuata, ya mpira.

"Hawa wachezaji hawana shingo," Saibulu akasema.

"Wewe unayo na hufungi."

"Na mashabiki wamechorwa mara moja wakarudiwa. Mama, hii kimeo. Wenzetu wa Morogoro wataicheka."

Nikaandika: mpira, hapana. Nikaweka ya vifaru. Nalepo alikaa kushoto, akashika pedi ya kwanza, akabonyeza stati. Dotto alikuwa na pedi yake ileile. Kifaru cha Nalepo kikaondoka. Cha Dotto kikabaki pembeni mpaka kikapigwa, kikarudi, kikapigwa tena.

"Kifaru chako kimesimama kama ng'ombe mgonjwa," Nalepo akasema. "Unamsubiri nani?"

Saibulu akamgusa kwa kiwiko.

"Hatujaanza," Dotto akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Tumeanza. Si nimebonyeza mimi?"

"Sisi hatujaanza."

Nalepo akanitazama. Nikajifanya naandika. Nikaandika kweli: vifaru, ndiyo.

Saibulu alikuwa ameinama kwenye meza, anapekua nilizokwisha kuchagua. Zilikuwa nane. Akazigeuza moja moja, kwa kuwa anazijua kwa rangi.

"Mama, mbona zote za watu wawili?"

"Zote?"

"Hii wawili. Hii wawili. Hii wawili. Mtu akija peke yake atacheza na ukuta?"

Nikafungua daftari. Upande wa kulia ndipo nilipokuwa naandika sababu ya kuikataa kaseti. Mtu mmoja, hapana. Mtu mmoja, hapana. Nikahesabu mara kumi na nne. Hilo halikuwa mojawapo ya maswali yangu matatu. Sikumbuki niliamua lini. Mkono ulikuwa wangu na wino ulikuwa uleule.

Saibulu akavuta kaseti moja kutoka kwenye zilizokataliwa, namba ishirini na saba, akaipachika. Kuna mnyama mmoja mdogo anayevuka barabara, na magari makubwa yanapita mbele yake kwa kasi mbalimbali. Anatakiwa afike ng'ambo. Hakuna kingine.

"Hii ni Mikumi yenyewe," akasema. "Huyu ni swala?"

"Ni mbuzi," Nalepo akasema. "Swala angeshavuka."

"Mbuzi wako. Ona, lori la Zambia hilo."

Mnyama akagongwa. Wakacheka mpaka Nalepo akaegemea ukuta. Akataka zamu yake, akagongwa mapema zaidi, wakacheka tena. Inaanza upesi. Haina neno hata moja la kusoma. Wakishindwa wanacheka. Majibu matatu yote yalikuwa ndiyo, na mimi nilikuwa nimeandika hapana.

Dotto alitazama yule mnyama wakati wote. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya pedi ya pili, ambayo katika gemu ile haifanyi lolote.

Walipoondoka nikapika ugali na dagaa, tukala. Nikaiwasha mashine tena na ile ishirini na saba, nikamwekea Dotto pedi ya kwanza mapajani. Akaishika kwa mikono miwili, kwa adabu, akaiweka kwenye benchi upande wa kushoto, mahali pasipokuwa na mtu. Akaunyoosha waya wake ili usijikunje.

Sikumlazimisha. Nilizima mashine, nikachomoa pedi zote mbili, nikazibadilisha mahali pa kuchomekea. Ya pili sasa ilikuwa inaongoza, lakini haina stati, kwa hiyo mnyama alibaki amesimama ukingoni na maandishi yakiwaka na kuzima. Nikazirudisha, nikairudisha na kaseti kwenye rundo la zilizokataliwa. Nikakaa nikifikiri jambo hilo kama redio, nini kinatoka wapi na kinatakiwa kifike wapi.

Saa nane nikaanza. Nikaifungua pedi ya pili, nikaichunguza nafasi iliyokuwa wazi katikati. Nikachoma msumari kwenye moto wa mkaa, nikatoboa tundu pale. Kitufe nilikitoa kwenye redio iliyokufa. Mpango ulikuwa rahisi: nyaya mbili nyembamba zitoke kwenye stati ya pedi ya kwanza, zifike kwenye kitufe hiki. Akibonyeza hapa, mashine itadhani amebonyeza kule. Baada ya hapo nitaviunganisha vile vitufe vingine hivyohivyo, waya kwa waya, ili mnyama amsikie yeye. Nilichora kwenye daftari kwanza, nikaurudia mchoro mara mbili.

"Shikilia hapa," nikamwambia Dotto. "Usitikise."

Akashikilia. Nikapasha chuma cha kulehemu, nikagusisha uzi wa risasi ya kulehemu, moshi ukapanda. Waya wa kwanza ukashika. Nikauvuta kidogo, haukutoka.

"Shangazi."

"Naam."

"Ya kwake itaharibika?"

"Haitaharibika. Itabaki inaanzisha kama zamani."

"Na yangu?"

"Na yako itaanzisha."

Akautazama ule waya uliotoka kwenye pedi moja kwenda kwenye nyingine. Uso wake haukubadilika. Wangu pia, nadhani.

Nilikuwa nalenga waya wa pili umeme ulipokatika. Ilikuwa saa kumi, saa ya mgao. Nilikuwa nimesahau. Nikakiweka chuma juu ya tofali kipoe. Ningeweza kukipasha kwenye mkaa, lakini joto la mkaa huwa linaunguza, na kitufe kile ni kimoja tu.

"Tutaendelea kesho," nikasema.

Dotto akateremka kwenye benchi. Akaenda mezani, akatafuta kwenye rundo la zilizokataliwa, akatoa ishirini na saba. Akaja akaipachika kwenye mashine iliyozimika, akaisukuma mpaka ikakaa vizuri. Kisha akatoka nje kuanua nguo.

Kesho umeme unarudi saa mbili asubuhi, na basi la Kilosa, ambalo Budeba atakuja nalo, huwa linafika saa saba. Umebaki waya mmoja, na zile za vitufe vingine, na kaseti nane sijazijaribu. Nikalifungua daftari kwenye namba ishirini na saba, nikakata neno hapana kwa mstari mmoja. Pembeni yake sikuandika kitu. Nikafunika pedi zote mbili kwa kitambaa, pamoja na ule waya, vumbi lisiingie.