Mkwe Kutoka Bundali

Flora alimwona baba mkwe wake angali mbali, fimbo begani, ng'ombe mbele yake. Akatupa kikapu cha pamba, akakimbia. Akimbilie wapi? Mashamba ya Nkololo ni tambarare, mipamba ilikwishapukutika majani, na mtu mzima aliyechuchumaa nyuma ya mpamba anaonekana kuanzia kilemba hadi kanga. Mzee Mayige alimwona vizuri sana. Juzi pia alimwona akijitupa nyuma ya kichuguu, na kabla ya hapo akijibanza zizini kati ya ndama.

Alifika nyumbani amenuna. "Pamba ikishauzwa, huyu binti arudi kwao," alimwambia mkewe, Ng'washi. "Tangu aletwe hajanisalimia hata siku moja. Akiniona anakimbia utadhani nimemwibia."

"Na Luhende je?"

"Mwanao tutamtafutia mwingine, anayejua kupiga magoti na kusalimia."

Luhende mwenyewe hakuwapo kumtetea mkewe. Tangu serikali iruhusu makampuni binafsi kununua pamba, malori yalijaa barabarani, naye alikuwa utingo kwenye mojawapo, leo Bariadi, kesho Dutwa. Ni utingo huohuo uliomfikisha Bundali, huko Ileje, mpakani na Malawi, akarudi na mke.

Ng'washi roho ilimuuma, maana alimpenda yule binti. Vidole vyake vilitenga pamba nyeupe na fifi, ile yenye madoa na takataka, hata sasa ambapo wanunuzi wapya walizoa zote pamoja bila kuuliza. "Chafu ni chafu tu, mama," Flora alikuwa akisema. Jioni hiyo Ng'washi aliketi naye kwenye kichanja cha pamba, akamuuliza waziwazi.

"Mayu, mwanangu, baba mkwe wako alikukosea nini?"

Flora alishtuka. "Hajanikosea. Namheshimu."

"Kwa kumkimbia?"

"Kwetu Bundali, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hata jina lake halitaji. Ukisikia anakuja, unapisha. Mama yangu alifanya hivyo mpaka mzee akazikwa." Akaonyesha tambarare kwa mkono. "Lakini kwetu ni milima, mama. Njia zina kona, kuna migomba, kuna makorongo. Unajificha na wala hakuna anayejua. Nyinyi hapa hamna hata kilima cha kumsitiri mtu."

Ng'washi aliangusha pamba, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Na huko Malawi wako hivyohivyo?"

"Bibi yangu alizaliwa ng'ambo ya mto Songwe. Wazungu walipita wakasema mto ule ni mpaka. Sisi lugha yetu ni ileile, tunazikana, na wakwe tunawakimbia pande zote mbili."

Wakati wa kula, Ng'washi alimsimulia mumewe yote. Mzee Mayige alishika tonge bila kulila.

"Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa naheshimiwa?"

"Kuliko mkwe yeyote wa Nkololo."

Mzee aliomba aongezewe mboga, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Siku iliyofuata alipofika karibu na shamba, alisimama, akakohoa kwa nguvu. Kisha akageuka, akalipa shamba mgongo, akawa anawatazama ng'ombe wake. Alikuwa anampa nafasi ya kukimbia.

Flora alikwishanyanyua kanga miguuni. Aliutazama ule mgongo na shati lililoshonwa kiraka begani, na aibu ikamshika, na furaha pia. Naye akageuka, akampa mzee mgongo, akapiga magoti katikati ya mipamba.

"Mwadila, baba," alisalimia, kama Ng'washi alivyomfundisha.

Mzee hakugeuka. "Mwadila, mayu. Pamba inaendaje?"

"Vizuri. Nyeupe ni nyingi."

"Ni kweli milima yenu inafika mawinguni?"

"Asubuhi mawingu tunayaona chini yetu, baba."

"Na ng'ombe wanakulaje huko?"

"Mguu mmoja juu, mmoja chini."

Mzee Mayige akacheka. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli kwenda Dutwa alipunguza mwendo, akawashangaa: mzee anaongea na ng'ombe, mwanamke amepiga magoti anaongea na pamba, na kila mmoja anamjibu mwenzake.