Hukumu ya Prosesa Kubwa

Isikike kwa walio karibu na walio mbali, kwa wenye vyeo na kwa wasio na hata kiti: Mahakama Kuu ya Kompyuta, ikiwa imeketi kwa heshima zake zote, imesikiliza hoja, imepima ushahidi, na sasa iko tayari kutoa hukumu isiyokatiwa rufaa juu ya prosesa ipi, yaani ubongo upi wa kompyuta, inunuliwe.

Mahakama yenyewe ilikuwa imeketi juu ya kreti la soda, taulo kichwani. Umati uliofurika kuisikiliza ulikuwa mtu mmoja, tena hakuwa anasikiliza. Alikuwa anafunga waya wa padi ya gemu kwa utepe mweusi wa umeme.

"Subiri kidogo, mheshimiwa," alisema Mjomba, ncha ya utepe ikiwa katikati ya meno. "Nimalize huu waya, halafu unihukumu vizuri."

Jaji akasubiri, ingawa hakuzoea kusubirishwa. Shuleni kwao, shule ya bweni yenye kengele kwa kila jambo isipokuwa kupumua, watu walimfuata wenyewe na mashauri yao kwenye kitanda chake cha chini: simu gani inakaa na chaji, kompyuta gani haipati joto, spika gani inaweza kumwamsha mwalimu wa zamu. Yeye alivaa taulo kichwani kama wigi, akakohoa, akakata kesi. Alikata hata kesi za vitu ambavyo hajawahi kuviona kwa macho. Jina aliloandikishwa nalo shule lilikuwa limebaki kwa karani wa ofisi tu; wengine wote walimwita Jaji. Likizo hii alikuwa amehamishia mahakama kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, kwenye chumba cha gemu.

Chumba hicho kilikuwa mahututi. Kilikuwa na televisheni nne zenye matumbo makubwa, zilizobaki tangu enzi Mjomba alipokuwa fundi na watu bado wanatengeneza televisheni badala ya kuzitupa. Kulikuwa na mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za wateja wa miaka mingi, na feni iliyokuwa inageuka upande mmoja tu kama mtu mwenye shingo iliyokaza. Zamani vijana walijaa humo mpaka mlangoni, wakitukanana kwa upendo. Kisha ng'ambo ya barabara kikafunguliwa chumba kingine, chenye mlango wa kioo na kompyuta mpya, na ndani yake mchezo mpya wa mpira ambao hata jasho la mchezaji unaliona. Mashine za Mjomba hazikuweza hata kuufungua mchezo huo. Vijana wakaanza kuhama. Mwanzoni walihama kwa aibu, wakipita wameinamia simu zao. Baadaye wakawa wanampungia mkono.

Basi Mjomba akauza televisheni mbili na sanduku lake la vifaa vya ufundi, ili aunde kompyuta moja ya mezani. Moja tu, lakini ya maana. Jumamosi angeitisha mashindano ya mpira mpya. Vijana wakirudi, chumba kitaishi. Wasiporudi, atarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kulinda ghala la saruji, na pale ghalani wezi walikwisha kumpiga nondo, wakamwachia sikio moja linalosikia.

Siku alipouza lile sanduku, mkewe, mkaza mjomba wake Jaji, aliliambia sufuria alilokuwa anasugua: "Na sikio la pili wakilichukua, nitakuwa namwita kwa kumrushia kandambili."

Ulikuwa mzaha, lakini hakucheka mtu. Hata aliyeutoa hakucheka.

"Haya," alisema Mjomba, akaweka padi chini, akasimama wima kama mshtakiwa. "Mahakama inasemaje?"

Jaji akakohoa. "Zipo prosesa mbili mbele yetu. Ndogo ina viini sita. Kubwa ina viini kumi na sita."

"Viini? Kama vya mayai?"

"Kama vichwa, mjomba. Kila kiini ni kichwa kinachofikiri. Mahakama, baada ya kutafakari, inaamuru ununue kubwa."

Mjomba akakuna shingo. "Lakini nilikwambia unitafutie yenye nafuu. Kubwa si itamaliza hela yote?"

"Nafuu si bei ndogo, mjomba. Nafuu ni kununua kitu kimoja kikatosha miaka. Ukinunua ndogo, mwakani unarudi dukani."

Maneno yalitoka yakiwa yamepigwa pasi. Mjomba aliyasikiliza, kichwa kimeinama upande wa sikio zima, akatabasamu kama mtu ambaye ndugu yake mmoja, angalau mmoja, amesoma.

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa kidirisha kwenye korido, kati ya mshona viatu na mchonga funguo. Muuzaji alikuwa binti aliyepandisha miwani juu ya nywele. Alisikiliza wanachotaka, akaishusha miwani awaone vizuri.

"Ya kufanyia nini, mzee?"

"Gemu, mwanangu. Mpira huu mpya."

"Sasa kubwa ya nini? Hiyo wanachukua watu wa kutengeneza filamu." Akaweka maboksi mawili juu ya meza, moja dogo la kawaida, jingine jeusi linalong'aa, lenye dirisha mbele kama jeneza la tajiri. "Chukua hii ndogo. Hela inayobaki weka kwenye kadi ya picha. Prosesa inafikiri, lakini kadi ndiyo inachora. Hii kubwa ina kijikadi humo ndani, ila ni cha kufungulia barua, si cha gemu. Ninayo kadi moja hapa, imetumika kidogo, nakupunguzia."

Mjomba akamgeukia Jaji.

Na hapa ukweli lazima usemwe ulivyo: Jaji alijua kwamba yule binti anasema kweli. Alikuwa amesoma habari za prosesa mpaka macho yakawa mekundu. Alijua kwamba kwa gemu viini sita vinatosha na kubaki, na kwamba fundi mwenye akili hupunguza kwenye prosesa ili aongeze kwenye kadi. Jambo hilo angeweza kulieleza akiwa usingizini. Lakini simu yake ilikuwa inatetemeka mfukoni. Bweni zima lilikuwa linangoja humo, kwenye kundi lao.

Akasogea upande wa sikio zima, akanong'ona: "Mjomba, hiyo kadi imemdodea. Anatafuta wa kumbebesha."

Uso wa Mjomba ukajifunga. Alikuwa ameshabebeshwa vitu vingi maishani.

"Nipe kubwa," akasema.

"Sawa, mzee. Ila muhuri ukikatwa hairudi. Hapo umeoa."

"Mimi ni mtu wa ndoa moja," alisema Mjomba, akacheka peke yake.

Kabla hawajaondoka pale dirishani, Jaji aliliinua boksi jeusi karibu na shavu lake, akajipiga picha.

Mjomba aliiunda ile kompyuta kwenye meza ya kulia, nyumbani kwao nyuma ya chumba cha gemu, na kwa muda huo mrefu alikuwa mtu mwingine. Alinawa mikono mara mbili. Aliishika prosesa kwa kingo, kama mtu anayetoa kibanzi kwenye jicho la mtoto, akalinganisha pembetatu ndogo ya dhahabu iliyo kwenye kona yake na alama iliyo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, akaiachia ikae yenyewe bila kuibonyeza. Akaidondoshea dawa ya kijivu inayofanana na dawa ya meno, akafunga feni juu yake, skrubu moja huku, nyingine kule, kwa zamu. Mkaza mjomba alimshikia tochi. Alikuwa anauangalia uso wa mumewe zaidi ya kuangalia skrubu.

"Ulikuwa unanitengenezea hivyohivyo ile redio yangu," akamwambia, "ukawa hutaki kumaliza."

"Ningemaliza ningekuja kwenu kwa sababu gani tena?"

Jaji akaangalia ukuta. Boksi tupu Mjomba alikuwa ameliweka pale juu, kwenye rafu ya picha za familia, likamficha bibi mpaka kidevuni.

Waliwasha. Kompyuta ikaamka kabla kidole hakijatoka kwenye swichi. Mkaza mjomba akapiga makofi. Kisha Mjomba akaufungua ule mpira mpya, uwanja ukatokea, wachezaji wakajipanga, refa akaweka filimbi mdomoni.

Akakaa nayo mdomoni.

Baada ya kitambo mchezaji mmoja akainua mguu, na mguu ukabaki juu. Halafu akaonekana mahali pengine kabisa, bila mpira. Mlinda mlango akadaka shuti ambalo lilikuwa bado halijapigwa. Kila kitu kilienda kwa kuruka, kama mtu anayepitisha picha za harusi moja moja na kueleza kila shangazi.

"Inajipasha moto," alisema Mjomba. "Si ni mpya?"

Wakapunguza ubora wa picha. Nyasi zikageuka zulia. Wakapunguza tena, wachezaji wakapoteza pua, kisha nyuso. Mashabiki wakawa ukuta wenye madoa. Mpira uliendelea kurukaruka.

"Itakuwa waya," alisema Jaji.

Mjomba akabadilisha waya.

"Itakuwa umeme hautoshi."

Mjomba akazima taa, feni na friji. Wakakaa kwenye joto wakimtazama mtu asiye na uso akikimbia bila kufika.

"Itakuwa inahitaji kusasishwa," alisema Jaji. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, na Mjomba hakuuliza kusasishwa ni nini. Alikubali tu kwa kichwa. Hilo ndilo lilikuwa baya. Kama angetukana, kama angetupa kiti, Jaji angepata pa kushika. Mjomba aliamini waya, akaamini umeme, akaamini kusasishwa, na baada ya kila kimoja alirudi kukaa kwenye kile kiti chake, mikono katikati ya magoti, akingoja kuambiwa kingine cha kuamini.

Ijumaa walirudi dukani. Binti hakuwacheka. Alisema prosesa angeweza kuichukua kama kitu kilichotumika, kwa bei ya huruma, na huruma yenyewe haikuwa nyingi. Na ile kadi?

"Imeondoka. Yule wa chumba chenye mlango wa kioo amechukua. Anaongeza mashine."

Njia nzima ya kurudi Mjomba alisema sentensi moja tu. "Yule binti hakuwa anatubebesha," alisema, taratibu, kama anayejaribu kiatu. Jaji akajibu kwamba jua ni kali leo.

Jumamosi vijana walikuja. Walikuja kweli, wale wa zamani, na kwa muda mfupi chumba kilinuka kama zamani. Mjomba alikuwa amevaa shati la kanisani na ameandika majina ubaoni. Mechi ya kwanza ikaanza, mchezaji akainua mguu, mguu ukabaki juu.

"Mzee, huu ni mpira au mazoezi ya viungo?" mmoja akauliza.

"Huyu anapigia picha ya kitambulisho!"

Walicheka sana, na hawakuwa na nia mbaya. Mmoja wao hata alimpiga Mjomba begani akamwambia pole, baba. Kisha wakavuka barabara pamoja, na ule mlango wa kioo ukafunguka, ukajifunga.

Mjomba alifuta majina ubaoni kwa kiganja. Mkaza mjomba alikuwa amesimama mlangoni na jagi la juisi aliyowaandalia washindani. Akageuka nalo, akarudi ndani, na wakamsikia akitoa begi chini ya kitanda. Kila mtu mle ndani alijua sare ya ulinzi inakaa kwenye begi gani.

Hapo ndipo alipoingia Katibu.

Katibu alikuwa karani wa mahakama ya bwenini, mwenye kazi ya kuita kesi na kulikunja taulo. Alikuwa amesafiri toka asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, na furaha imemjaa kama mtu aliyefika kumwona simba.

"Shikamoo, mjomba! Iko wapi? Iko wapi kubwa?" Akaliona boksi jeusi, ambalo Mjomba alikuwa amelileta na kuliweka juu ya meza ya mapokezi kwa ajili ya mashindano, akalikumbatia. "Jaji! Kumbe kweli! Mimi nilidhani umeazima boksi!"

"Katibu," alisema Jaji, "twende nje."

"Nje kuna nini? Mjomba, huyu mpwa wako ni mtu hatari. Sisi tulimwambia, mwache mzee achukue ndogo pamoja na kadi, kama unavyotufundisha kila siku. Akasema ndogo inatosha kweli, tena ndiyo yenyewe, lakini hakuna mtu anayejipiga picha na prosesa ndogo!" Akacheka, akatazama huku na huku kuona nani anacheka naye.

Mjomba alikuwa anachomoa padi moja moja kutoka kwenye mashine za zamani na kuzikunja waya. Akaacha.

"Alisema hivyo lini, mwanangu?" akauliza kwa upole kabisa.

"Asubuhi ile mliyokwenda kununua," alisema Katibu, na papo hapo akaona nyuso zao. Akaliweka boksi chini polepole, kama kitu kilicholala.

Mjomba akamgeukia Jaji. Hakupandisha sauti. "Wewe si ndiye uliyesema, waya?"

Jaji alikohoa. Kilikuwa kile kikohozi cha kufungulia kikao, kilitoka chenyewe kwa mazoea, na baada yake hayakufuata maneno yoyote ya mahakama.

"Nilijua, mjomba," alisema. "Haikuwa waya. Haikuwa umeme. Kadi haikumdodea yule dada, niliitunga pale pale. Nilijua hata kabla hatujatoka nyumbani kwamba haitacheza."

"Ukaniacha nizime friji."

"Ndiyo."

Mjomba alikaa kwenye benchi. "Kwa nini?"

Ndani, zipu ya begi ilifunguka. Jaji alitafuta sababu, kubwa, yenye uzito, ambayo mtu mzima angeweza kuipokea mkononi na kusema, aa, kumbe. Alikuwa ameitafuta tangu lile shuti la kwanza.

"Walikuwa wananingoja kwenye simu," alisema, akaanza kulia. "Nilishawaambia ni kubwa. Ni hilo tu, mjomba. Sina jingine."