Maji ya Kunawia Mlangoni

Mapipa mawili ya maji yalikuwa matupu. Simone alifunua la kwanza, akafunua la pili, akarudi kwenye la kwanza kana kwamba lingeona haya na kujijaza lenyewe. Asubuhi aliyajaza kwa mikono yake, akayaweka kwenye mlango wa lupango, ua wao wa nyumba katika mtaa wa Bel-Air, akamwambia kila mwenye masikio kwamba maji yale ni ya watakaorudi kutoka makaburini. Kisha akaenda kusonga bukari. Muda wa kusonga bukari tu! Waliolala kilioni wakaamka, wakayaona, wakaoga. Wapangaji nao wakaogesha watoto wao.

“Bantu gani hawa?” alisema peke yake. “Mungu wangu, bantu gani?”

Alikimbilia kisimani. Kamba ilishuka, ikazidi kushuka, ndoo ikagonga chini na kupanda na tope. Ilikuwa Oktoba, mvua haijaanza, na bomba la mtaa lilikuwa limenyamaza siku nyingi. Kisima kile kilichimbwa na baba mkwe wake, mzee Kabwe, ambaye ndiye aliyekuwa akizikwa saa hiyo. Alikichimba kwa ajili ya nyumba moja, enzi ambazo ndani ya lupango mlikuwa na nyumba moja na miparachichi. Lakini Clément, mume wa Simone, alikuwa na ugonjwa wa kujenga. Ndugu akija kutoka Kasai, chumba. Akija mpangaji, chumba. Miparachichi ilikatwa, ua ukaliwa, vyumba vikajaa watu na watu wakazaa watoto, kisima kikabaki kilekile. Na siku chache nyuma, mzee akiwa bado mahututi, mafundi walikuwa wamechimba msingi wa vyumba vingine vitatu, karibu kabisa na kisima, na matofali yamekwisha pangwa.

Simone alikuwa amesema mpaka amechoka kujisikia. Clément alimjibu kila mara, “Mungu atatoa mayi,” kwa ule upole unaomfanya mtu atamani kurusha sufuria.

Honi zilisikika barabarani. Walikuwa wanarudi! Mkwe mkubwa wa nyumba alikuwa yeye, na kwao aliyetoka kuzika haingii uani bila kunawa. Akiingia hivyo, ameleta kifo ndani. Aibu ya kukosa maji ingekuwa yake, si ya hao waliooga. Alikimbia chumbani, akavuta bidoni moja, dumu la maji aliloficha chini ya kitanda, akasimama nayo mlangoni na kikombe mkononi.

“Kidogo, mama. Kidogo, papa. Nyoosha tu bidole.”

“Sabuni iko wapi?” mzee mmoja aliuliza.

“Sabuni utaitosha na nini, papa?”

Walipita, wakapita, wengine hata hakuwahi kuwaona. Clément alikuja wa mwisho, maana mtoto wa kwanza hubaki mpaka kaburi lifunikwe. Suti yake nyeusi ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Simone aliinamisha bidoni. Halikutoka hata tone.

“Mama Séphora, leta mayi,” Clément alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao.

“Inaisha.”

“Inaisha namna gani? Enda ku kisima.”

“Ku kisima iko matope.”

Clément aliinua mguu ili aingie. Mashangazi wakapiga kelele uani: “Clément! Hapana kuingia!” Akaurudisha mguu. Akavuka barabara mpaka kwa Mama Émerance, mke wa tajiri mmoja wa malori kutoka Butembo, mwenye kisima kirefu cha pampu. Mama Émerance alifungua mlango kidogo, akachungulia.

“Pole sana, Papa Séphora. Ulishanawa?”

“Njo mayi ninakuya kuomba.”

“Basi usiingie, niko na bajukuu humu. Utume mama Séphora, yeye peke yake. Bale bengine sibajue tena. Kila siku muntu mupya anakuya na bidoni, anasema iko wa kwenu.”

Mlango ukafungwa. Clément akarudi taratibu, akasimama nje ya lupango aliozaliwa ndani yake, na ukoo mzima ukimtazama. Simone alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamzidishia hasira.

“Nitaenda,” alisema, akiwageukia mashangazi. “Lakini sema kwanza, ba tantine basikie. Ule musingi?”

“Leo njo siku ya kuongea ile? Baba anaingia mu udongo saa hii!”

“Leo njo siku. Famille yote iko hapa.”

Clément aliangalia mikono yake yenye udongo wa kaburi. Hakuna shangazi aliyemtetea.

“Hatuyenge tena,” alisema mwishowe.

“Na matofari?”

“Ya kisima. Tutachimba chini, tutayengea kisima.”

Simone alikwenda, akarudi na bidoni iliyojaa. Akamimina kidogo juu ya vidole vya mumewe. “Sema tena.” Clément akarudia, kwa sauti kubwa. Akamiminiwa tena.

Ndipo Simone akaona kiganja kidogo kimekingwa chini ya mikono ya Clément. Mtoto mdogo wa Germaine, dada yake Clément, alikuwa anapeleka kinywani maji yaliyokuwa yakidondoka. Maji ya kaburi! Simone alimpiga kiganja, akamvuta kwake, akajaza kikombe maji safi na kumpa. Mtoto alikunywa chote bila kupumua, akakirudisha ili aongezewe.

“Yaya,” Germaine alimwambia kaka yake kwa sauti ya chini, “na siye?”

Alikuwa ametoka Mwene-Ditu na watoto watano, magodoro na hata sufuria. Vile vyumba vitatu alikuwa ameahidiwa yeye. Clément alimgeukia mke wake, na mashangazi nao wakamtazama.

Simone alitamani kulia. Kwa nini wote wasimtazame mwingine?

“Mutalala mu salon yangu,” alifoka. “Kisima kwanza, munasikia? Kisima kwanza!”

Akabeba godoro moja mwenyewe, akaingia nalo sebuleni akinung'unika, na watoto watano wakamfuata.