Kikapu cha Beatha

Basi la Mtae lilipofika stendi ya Lushoto, konda Jamali aliwaita wapagazi wawili washushe kikapu kimoja cha ukindu. Ndani hamkuwa na kitu.

"Shikamoo, Mama Beatha. Safari nzima basi limelalia upande mmoja. Huyo mwanao katia nini humu?"

"Marahaba. Hajatia kitu."

"Basi hicho ambacho hakutia ni kizito, mama yangu."

Evodia, mama yake Beatha, alikuwa akimpelekea bintiye kikapu cha mboga tangu alipoolewa Mtae, na hadi siku hiyo kikapu hakikuwahi kurudi kitupu. Kwao chombo cha mtu hakirudishwi hivihivi. Ukikosa cha kutia, unatia hata tunda moja la peasi. Evodia alipompigia simu, Beatha alijibu "hatujambo" kama siku zote, maana mumewe, Anord, hukaa karibu akisikiliza.

Wapagazi walikifikisha nyumbani kwa toroli. Walipokiweka juu ya kigoda, kigoda kikavunjika. Evodia akapiga magoti, akaingiza mkono, akapapasa ukindu taratibu kama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.

"Anampiga," alimwambia mumewe. "Mwanangu anataka kurudi."

Yonathani, fundi seremala, alikizunguka kikapu. Alijaribu kukinyanyua, hakikutikisika. Hakuuliza Evodia amejuaje. Yeye ndiye aliyemfundisha Beatha kwamba ya nyumbani hayasemwi nje.

"Mahari tulipokea," alisema. "Mtu haachi mji wake kwa sababu ya kikapu."

"Uzito wake hujauona?"

"Nimeuona, Mama Beatha."

Alisema kwa upole, akamshika mkono kumsaidia kuinuka. Kisha akatoka kwenda karakana.

Evodia alichukua kikapu kingine. Alitia viazi, karoti na kabichi, na juu yake akalaza kikombe cha bati alichonywea Beatha utotoni, kile ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Alikifunika kwa jani la mgomba, akakifunga vizuri. Kikapu hicho alikibeba mwenyewe hadi stendi, na njiani hakuhisi uzito wowote.

Aliporudi, Yonathani alikuwa amemaliza kigoda kipya cha mbao za mkaratusi, chenye miguu sita minene. Alikuwa amekifanya kirefu, kama benchi. Kwenye mwisho mmoja wapagazi walikuwa wamemsaidia kukiweka kikapu cha Beatha. Sehemu iliyobaki aliipiga randa ikalainika, akaiacha wazi kwa ajili ya vikapu vitakavyokuja.