Wimbo wa Kuinulia Mlingoti

Asubuhi ya mkesha wa sikukuu ya kiangazi, Sixten alivua viatu mlangoni pa Gunvor, akaketi jikoni na soksi zake zenye tundu. Alikunywa kahawa vikombe viwili kabla hajasema kilichomleta.

"Shangazi, kamati imekaa," alisema. "Kwa kuwa mzee Torsten hayupo tena kutuimbia, mlingoti wa sikukuu tutauinua kwa wimbo wa spika. Tutapiga santuri yake. Sauti ni ileile."

"Na isipofaa?"

Sixten alizungusha kikombe mezani. "Mwakani tutaleta kreni. Watu wamechoka kuumia migongo."

Gunvor alimwongezea kahawa. Torsten, marehemu mumewe, alitunga nyimbo zilizopigwa redioni nchi nzima, na huko Stockholm waliziimba watu wasiojua hata kijiji chao kiko wapi. Lakini huu wa mlingoti aliutunga kwa ajili ya kazi, ili wanaume wauinue pamoja wasije wakaumizana. Kreni ikija, wimbo utabaki redioni, kama nguo ya shamba iliyotundikwa kabatini. Hilo lilimchoma kuliko alivyotaka Sixten aone. Tena, tangu wamzike Torsten ardhi ikiwa ngumu kwa baridi, alikuwa hajathubutu kuisikiliza sauti yake.

Alasiri uwanja ulijaa. Wanawake walikwisha kuuvika mlingoti majani mabichi na maua ya porini, nao ulilala chini kama bibi harusi aliyepitiwa na usingizi. Wanaume wakashika miti mirefu iliyofungwa jozi jozi kwa mnyororo, wakaiingiza chini yake. Sixten akawasha spika.

Torsten akaanza kuimba. Gunvor alishika ukingo wa benchi.

*Inuka, ewe mrefu, jua halijalala.*

Neno la mwisho lilipoisha wakasukuma, mlingoti ukapanda hadi usawa wa kifua. Hapo ndipo inapobidi kila upande usogeze miti yake, mmoja baada ya mwingine, ndipo wasukume tena. Spika haikungoja. Ubeti wa pili ukaja, wa kulia wakasukuma, wa kushoto bado wanatafuta pa kukanyaga. Mlingoti ukainama upande.

"Shikilieni hapo hapo," Sixten alisema, jasho likimtoka.

"Sixten," akasema Majken, jirani yake Gunvor, "huyo Torsten wako ana treni ya kuwahi?"

"Ni yeye mwenyewe, Majken."

"Si yeye. Yeye alikuwa na macho."

Gunvor alilisikia neno hilo likimwingia. Miaka yote alikuwa akimsuta mumewe kwa kulivuta lile neno la mwisho mpaka likachosha. "Ungekuwa kanisani," alimwambia, "mpiga kinanda angekufukuza." Kumbe alikuwa akiwatazama wanaume mikono, akingoja wote wawe tayari.

Yeye aliimba kanisani tu, safu ya nyuma, na hakuwahi kuimba peke yake. Pale kijijini mtu hajitokezi. Anayejitokeza husemwa mpaka Krismasi. Alifumba macho kidogo. Bwana, unaijua sauti hii, alisema moyoni. Kisha akasimama.

"Zima hiyo."

"Shangazi?"

"Zima, mwanangu. Watu wanachoka."

Sauti yake ilianza na mikwaruzo. Baadhi ya watu walitazama viatu vyao kwa kumwonea haya. Yeye alimtazama mzee Verner upande wa kushoto, ambaye mguu wake ulikuwa ukiteleza kwenye nyasi. Alifika kwenye neno la mwisho, akalishikilia. Verner bado. Akaendelea kulishikilia mpaka pumzi ikamwishia, na hapo Majken akalipokea nyuma yake, kwa sauti ya bata, ili yeye avute hewa. Verner akapata pa kukanyaga. Gunvor akaliachia neno.

Wakasukuma kama mtu mmoja.

Ubeti baada ya ubeti, uwanja mzima ukiitikia sasa, mlingoti ulisimama wima na maua yake yakatikisika juu. Verner alivua kofia.

Sixten alikuja akikunja waya wa spika. "Basi, shangazi, mwakani ni wewe."

"Mwakani ni wewe. Njoo Jumatano nikufundishe kutazama watu."

"Mimi sauti sina."

"Umeisikia yangu?" Gunvor alisema, akielekea kwenye meza ya samaki na viazi vipya. "Ila uje na soksi nzima."