Shimo kwenye Kiwanja cha Bienfait

Mume wangu Nathanaël aliniharibia chekeche mbili za unga wa muhogo kwa ajili ya ndege ya plastiki isiyozidi kiganja. Alichekechea humo udongo mwekundu, majivu na unga wa mbao, ili ile ndege ipate ardhi ya kukanyaga. Nyumba nzima ilinuka gundi. Nilimgombeza kila siku, lakini sikumzuia.

Ardhi yenyewe ilikuwa mfano wa kiwanja cha ndege cha msituni, nyuma ya mji wa Kamituga, ambako mdogo wake Bienfait alikufa. Gurudumu la ndege aliyokuwamo liliingia shimoni, ndege ikapinduka, ikawaka moto. Hatukupata hata mwili wa kuzika. Nathanaël alimwaga plasta juu ya ubao, akapaka gundi, akanyunyiza udongo tabaka kwa tabaka, kisha akapanda nyasi za nyuzi za gunia, moja moja, kwa sindano. Shimo alilichimba mwisho. Akapiga ishara ya msalaba.

Wenye bunduki waliingia mchana, katika msako wa nyumba kwa nyumba hapa mtaani kwetu Kadutu. Mkubwa wao akauona ule ubao juu ya meza.

"Hii iko kiwanja ya wapi? Na hii shimo? Ni hapa munataka droni ipige?"

"Hapana, chef. Ni fasi ndugu yangu alikufia."

Kitako cha bunduki kikamwangukia mdomoni. Nilisikia meno yakidondoka kwenye simenti.

"Nani alikutuma?"

Mjinga wangu mpendwa! Angesema ni mchezo wa watoto, pengine wangemwacha. Akarudia lile lile, damu ikimjaa mdomoni: ndugu yangu, ndugu yangu. Wakamlaza kifudifudi. Mmoja akamkanyaga mkono wa kuume kwa buti, akazungusha kisigino mpaka nikasikia vidole vikivunjika. Mkubwa akakoki bunduki, akamwekea kisogoni.

Nikachukua mchi wa kutwangia majani ya sombe. Nilitaka kumpasua yule mkubwa kichwa, na hata leo bado nataka. Lakini nikaupiga ubao.

"Kila siku mavumbi ndani ya nyumba yangu! Chekeche zangu zote aliharibu! Mwanaume muzima anachezea udongo!"

Nikapiga tena. Plasta ikaruka, ndege ikakatika mabawa. Kisha nikamgeukia Nathanaël pale chini, nikamshushia mchi mgongoni, akapiga ukelele.

"Muue, chef! Muniondolee hii kichaa!"

Mkubwa akacheka, na wenzake wakacheka.

"Muzee, bibi yako iko mubaya kupita sisi."

Wakachukua simu zetu, wakaenda. Mimi nikaketi sakafuni, nikamkumbatia mume wangu.

Vidole vyake havikurudi kuwa vidole. Hawezi tena kushika sindano. Kwa hiyo nilinunua chekeche nyingine, nikachekecha udongo mwenyewe, yeye akinielekeza kwa ule mdomo wake wenye mapengo: gundi kidogo, nyasi zisilingane. Tulipofika mwisho nikaweka chini kijiko cha plasta, nikamwita kwa jina la mtoto wetu.

"Papa Gloire, shimo tusitie tena. Ile shimo ilitaka kukuua."

"Mama Gloire," akasema, "kama shimo haiko, Bienfait alikufia wapi?"

Plasta niliyopaka mwisho, pale katikati, ilikuwa bado mbichi. Nikaingiza kidole gumba, nikachimba mpaka nikagusa ubao.